Watoto Wakija Kulala, Tuwape Nini?

Siku hizi watoto wetu hawatosheki kucheza na wenzao hadi magharibi; wanataka na kulala huko huko. Zamani tulilala kwa shangazi au kwa bibi, wala hakuna aliyeliita jambo hilo sherehe. Tulikula kilichopikwa, tukatandikiwa mkeka, basi. Leo mtoto anakuja na orodha: soda, krispi, biskuti za krimu, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye makopo yenye rangi za kuvutia.

Sisi akina mama wanne wa kikundi cha maombi hapa Dar es Salaam tulikubaliana, shule zilipofungwa mwezi wa Juni, kuwapokea wasichana saba wa miaka 9 hadi 11 katika nyumba ya mmoja wetu. Kikao cha kupanga vitafunwa kilichukua karibu alasiri nzima. Martha wa Luka 10 angejiunga nasi bila kualikwa.

Makopo ya nguvu hayakutuchelewesha. Kopo la mililita 250 la vinywaji hivyo mara nyingi lina kafeini miligramu 80 hivi, karibu sawa na kikombe cha kahawa, na mengi yameandikwa ubavuni kwamba hayafai kwa watoto. Soda ndiyo iliyoleta ubishi. Mmoja wetu alisema sherehe bila soda ni kama msiba. Lakini chupa ya mililita 350 huweza kuwa na sukari gramu 35 au zaidi, yaani zaidi ya vijiko vinane vya chai, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 linahimiza tupunguze sana sukari ya namna hiyo, kwa wakubwa na wadogo. Tukaafikiana: chupa moja kwa kila mtoto, wakati wa chakula cha mchana, ya machungwa na si ya kola, kwa maana kola nayo ina kafeini.

Vitafunwa vilikuwa rahisi. Robo kilo ya mahindi ya bisi hujaza beseni, na watoto hufurahia kuyasikia yakipasuka kuliko hata kuyala. Tukaongeza mihogo ya kukaanga, visheti, na machungwa ya Muheza ambayo Juni huwa tele sokoni. Karanga tuliziweka baada ya kuwauliza wazazi wote kama yupo mtoto zinayemdhuru. Soseji tuliziacha. Mmoja wa wasichana ni Mwislamu, na hatukutaka mtoto akae anasoma maandishi ya pakiti huku wenzake wanakula.

Kilichotukalisha hasa ni maji. Mmoja wa wale saba ana ugonjwa wa siko seli. Mara mbili alikuwa amealikwa kulala kwa wenzake akakataa, akisingizia kichwa kinauma. Safari hii mama yake alikuja mwenyewe, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto bado anakojoa kitandani, naye ana miaka 10. (Ameturuhusu kuyaandika haya.)

Wengi wetu tumelelewa hivi: mtoto kikojozi asinywe kitu baada ya saa kumi na mbili jioni. Mama huyo alitueleza kwamba kwa binti yake dawa hiyo ni hatari. Mwenye siko seli anatakiwa kunywa maji mengi, kwa sababu mwili ukipungukiwa maji yale maumivu makali ya mifupa yanaweza kuanza. Na figo zake hazina nguvu ya kubana mkojo uwe mchache, kwa hiyo hutoka mwingi, usiku na mchana. Ndiyo sababu wengi wao hukojoa kitandani hata wenzao wa umri ule wameshaacha. Kumnyima maji ili godoro libaki kavu ni kumtafutia maumivu.

Basi tukapanga upya. Maji yalianza mapema, tangu walipofika saa nne asubuhi, kila mtoto na chupa yake yenye jina. Tikiti maji tukalikata alasiri. Chumvi kwenye mihogo na bisi tukaitia kidogo, maana kiu ya usiku huletwa na chumvi ya jioni. Chai haikuwekwa mezani; badala yake tulichemsha maziwa mapema. Usiku hakuna aliyekatazwa kunywa. Magodoro yote tuliyatandika nailoni chini ya shuka, yote saba, na kila mtoto akapewa blanketi lake, kwani baridi nayo ni adui wa ugonjwa huo. Taa ya ukumbini iliachwa inawaka, na saa tano tuliwaamsha wote waende chooni, na tena saa tisa, wakinung'unika kama wazee.

Asubuhi mashuka mawili yalikuwa yamelowa, na moja halikuwa la mtoto yule. Tuliyaondoa yote saba kwa pamoja na kuyaloweka kabla hawajamaliza kupiga mswaki, na hakuna aliyeuliza. Mama yake alifika saa tatu akamkuta jikoni akigombea kiporo cha mihogo. Alimwomba amwache mpaka mchana.