Kutoka Kigoma Hadi Baraka Bila Kibali

 

Ukurasa huu wa safari huwa unatuletea habari za miji na mito. Mwezi huu nawasimulia safari ya Baraka, kule kwetu Fizi, Kivu Kusini. Tulikwenda na kurudi mchana mmoja. Hatukuomba kibali cha kutoka kambini, hatukulipa nauli, na viatu havikushika vumbi. Tulisafiri kwenye kioo cha kompyuta. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho, maana safari hii nusura ivuruge nyumba ya jirani yangu.

JOSTIKI KWA FUNDI REDIO

Mimi ni fundi redio, wengi mnanijua pale sokoni. Siku moja alikuja kijana mmoja kabeba kitu kama gia ya gari iliyosimama juu ya kibao. Kaka yake, aliyehamia Marekani miaka ya nyuma, alimpa mgeni aje nacho, pamoja na laptopu ya zamani na flashi moja. Akaniambia, "Fundi, hii ni jostiki, ya kuendeshea ndege kwenye kompyuta. Ila ndege yangu inapinda kushoto yenyewe, hata nikiachia mkono."

Nikaifungua. Kumbe ndani mna kitu kilekile kilichomo kwenye kitufe cha sauti cha redio! Mnajua redio ya zamani ukiongeza sauti inakwaruza? Ni vumbi. Na jostiki ya aina hii ni hivyo hivyo: vumbi letu jekundu likiingia, kompyuta inadhani mkono wako unatetemeka. Nikasafisha kwa spiriti, nikaacha ikauke. Halafu tukaisawazisha kwenye kompyuta: unaizungusha jostiki mpaka mwisho pande zote, kisha unaiachia katikati ili kompyuta ijue katikati ni wapi. Ndege ikanyooka.

Kwa wasiojua, matumizi yake ni haya. Ukiivuta jostiki kwako, pua ya ndege inapanda. Ukiisukuma mbele, pua inashuka. Ukiilaza kulia, ndege inalala kulia na kugeuka. Ukizungusha kishikio chenyewe, unageuza usukani wa mkia. Kwenye ndege ya kweli kazi hiyo rubani anaifanya kwa miguu, kwa pedali mbili. Pembeni kuna kidude cha kusogeza, ndicho kinachoongeza na kupunguza nguvu ya injini. Asiye na jostiki anatumia mishale ya kibodi, lakini ni taabu. Kitufe cha kibodi kinajua kubonyezwa na kuachiwa tu. Jostiki inajua kidogo, inajua na sana.

Kosa la wanaoanza ni moja. Wanavuta kwa nguvu wapande haraka. Ndege inainua pua, mwendo unakwisha, inaanguka kama embe. Ukiona hivyo, usizidi kuvuta. Sukuma mbele kidogo, ipate mwendo kwanza.

MILIMA YA KWELI, NYUMBA ZA KUBAHATISHA

Programu yenyewe inaitwa FlightGear. Ni ya bure, inatengenezwa na watu wanaojitolea tangu miaka ya 1990. Zipo nyingine nzuri zaidi kwa macho. Ile ya Microsoft iliyotoka mwaka 2020 inachukua picha za setilaiti kupitia intaneti huku unaruka, lakini inataka kompyuta kali na intaneti ya nguvu. Hii yetu inatosheka na flashi.

Kwenye flashi dunia imekatwa vipande vipande, kila kipande digrii moja kwa moja, yaani huku kwetu kama kilomita 111 kila upande. Nilipotafuta vipande vya kwetu nilishangaa. Kigoma na Baraka vimo ndani ya kipande kimoja! Uvira na Bujumbura wako pamoja kwenye kipande cha kaskazini yake. Na kambi yetu ya Nyarugusu imo kwenye kipande cha mashariki, kinachopakana na kile cha Baraka. Miaka yote hii tunasema kwetu ni mbali, kumbe kwenye flashi ni mlango wa pili.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye jambo. Milima ya vipande hivyo ilipimwa kweli. Februari 2000 chombo cha Marekani kinachoitwa Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima kwa rada urefu wa milima na mabonde, karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote. Vipimo vilivyotolewa kwa nchi zetu mwanzoni vilikuwa kimoja kila baada ya mita 90. Kwa hiyo mlima ukiuona pale, ni mlima kweli. Lakini nyumba na miti kompyuta inajipandia yenyewe, kwa kukisia: hapa ramani inasema mji, basi weka nyumba, hapa inasema pori, weka miti. Haijui ya nani, haijui ipo au haipo.

Fikiria na hizo mita 90. Boma la baba yangu, kisima na makaburi ya babu, vyote vingeingia hapo katikati ya kipimo kimoja na kingine, na rada isingejua.

SAFARI YENYEWE

Jumamosi tuliweka laptopu kibandani kwangu, na betri ya sola. Nilimwalika mama yangu na mzee jirani yetu, na watoto wakajaa mlangoni. Sisi tulivuka ziwa mwishoni mwa 1996, mimi nikiwa na miaka tisa. Tulipanda boti la mbao jioni, tukaziona taa za Kigoma karibu na alfajiri. Mama alinifunga kwenye mgongo wake kwa kitenge, mkubwa vile nilivyokuwa, ili tukizama tuzame pamoja.

Tuliruka kutoka uwanja wa Kigoma na ndege ndogo ya Cessna, ya watu wanne. Nikaelekeza pua kaskazini magharibi. Ujiji ikabaki nyuma yetu. Kulia vilima vya Gombe, pale penye sokwe, vinateremka mpaka majini. Mbele, ziwa.

Na hapo tukaona ukungu mtupu! Laptopu ni ya zamani, kwa hiyo kijana alikuwa amepunguza umbali wa kuona ili picha isikwamekwame. Juu maji, chini maji, mbele weupe. Watoto wakalalamika. Mama akanyamaza. Baadaye akasema, "Ni vile vile. Usiku ule nasi hatukuona kitu."

Kijana akataka kuongeza umbali wa kuona. Picha ikaanza kuruka kama sinema mbovu. Kompyuta ni kama mama mwenye unga kidogo, ukimpa huyu sahani kubwa, yule anakosa. Tukajivuta hivyo hivyo. Kutoka Kigoma mpaka Baraka kwa njia ya anga ni kama kilomita 110, na Cessna ile inakwenda kama kilomita 200 kwa saa. Nusu saa na dakika chache tukawa tunavuka rasi ya Ubwari. Boti letu lilichukua usiku mzima.

Nyuma ya Ubwari kuna ghuba, na ng'ambo ya ghuba ni Baraka. Nikashuka chini. Pale ufukweni zikatokea nyumba. Lakini nyumba gani! Mapaa mekundu yaliyochongoka, ukuta mweupe, kama kwenye kalenda ya Ulaya. Nyumba zimepanda mpaka kule kwenye mashamba.

Mzee akasimama. "Nani alijenga pale?"

Nikasema, "Mzee, ni kompyuta tu."

"Mimi nauliza nani alijenga pale. Ile iko shamba yangu ya muhogo." Akachukua fimbo yake akatoka.

ULIMI UNA MBIO KULIKO NDEGE

Kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kumfuata saa ile ile, lakini nilikuwa na watu kibandani. Jioni habari ilikuwa imefika kila mlango. Wengine walisema mashamba ya ng'ambo yote yamechukuliwa. Wengine walisema kinyume: kwetu kumekuwa kuzuri, kuna nyumba za kisasa, fundi ameonyesha, tuondoke.

Kwa mzee nyumba iligawanyika. Yeye alikuwa akifikiria kujiandikisha kurudi. Sasa akasema, "Nirudi wapi? Mahali pangu pamejengwa." Mkwe wake akasema nyumba zile ni dalili ya amani, akaanza kuuza vyombo. Binti wa mzee alikuja kwangu usiku analia. "Kaka, umetufanyia nini? Baba hali chakula."

Asubuhi nilibeba laptopu mpaka kwao. Nikamwamkia mzee, nikaomba msamaha kwanza, kabla ya kuwasha chochote. Kisha nikamkalisha mbele ya kioo, na mkwe wake kando. Tukaenda tena juu ya Baraka. Nikafungua sehemu ya mandhari, pale penye visanduku vya kuweka alama: nyumba, miti, vitu vingine. Nikaondoa alama kwenye nyumba. Nyumba zote zikapotea, ikabaki nchi. Nikarudisha alama, zikarudi. Nikampa mkwe abonyeze mwenyewe, mara tatu, mara nne.

Mzee akatazama sana. Akauliza, "Na hapa kambini iko namna gani?"

Swali hilo sikulitegemea. Tukahamia kipande cha jirani, tukatafuta Nyarugusu. Hapakuwa na kitu. Majani na miti tu, hakuna hata paa moja, hakuna barabara ya soko. Kambi iliyofunguliwa 1996, yenye makumi ya maelfu ya watu, programu haiijui. Watoto wa mzee waliozaliwa hapa hapa wakauliza, "Mbona sisi hatupo?"

Mzee akacheka mara ya kwanza tangu jana yake. "Basi kama sisi tuko hapa na haituoni, wale nao inawaona kule na hawako." Akaagiza uji.

Mkwe alikuwa mgumu zaidi. Nilimwambia wazi: kompyuta hii haionyeshi bunduki, haionyeshi njaa, haionyeshi nani analima wapi. Mwaka 2025 maelfu ya ndugu zetu wa upande wa Bukavu na Uvira walikimbia tena na kuvuka kuingia Burundi, na humu kwenye flashi mashamba yao ni ya kijani kibichi. Mambo ya kurudi au kutorudi uliza mtu aliyetoka huko juzi, mtaje jina la mtaa na la jirani, uliza na hati za shamba. Akaacha kuuza vyombo. Sufuria mbili zilikuwa zimekwenda tayari.

KWA WATAKAOJARIBU

Wenye kompyuta, shikeni haya. Kwanza, ondoeni nyumba na miti ya kubahatisha kabla ya kumwonyesha mzee yeyote kwao. Mkishaondoa, kompyuta inapata nafasi, na hapo mnaweza kuongeza umbali wa kuona bila picha kukwama. Pili, ndege ikipinda yenyewe, fungua jostiki usafishe vumbi kabla ya kusema imekufa. Tatu, mweleze mtazamaji mapema: milima imepimwa, nyumba zimekisiwa.

Tulirudia safari Jumamosi iliyofuata, kwa mpango huo. Tuliondoa kila kitu, tukafungua macho ya ndege mpaka mwisho. Tulipovuka katikati ya ziwa ng'ambo yote ilionekana, kuanzia Ubwari, na nyuma yake ile milima ya Fizi imejipanga mmoja baada ya mwingine. Mama alisogea karibu na kioo mpaka pua ikaribie kugusa. Akaweka kidole.

"Huu ndio tulikuwa tunauona tukitoka kuchota maji. Jua linazama nyuma yake."

Akawaita wajukuu, akawaonyesha mmoja mmoja, kwa majina ya vilima ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau. Mdogo akauliza nyumba yetu iko wapi. Mama akamwambia haionekani, lakini kilima kile ukikipa mgongo, unashuka mpaka mwembe, halafu kulia. Mtoto akarudia: mgongo, mwembe, kulia. Nikamwona kaka yake mkubwa anaandika kwenye daftari la shule.

Basi wazazi, msiwaachie watoto jostiki peke yao. Kaeni nao, muwatajie majina. Sola yangu inatosha saa mbili kila Jumamosi, na kiingilio hakuna. Wa Uvira watangulie kuniambia, nipakie kipande chao. Mzee jirani amekwisha weka nafasi ya mbele.

Tukijaliwa, tuonane toleo lijalo.