Pole Tuliyoichelewesha

Juma lililopita mtoto wa mwisho wa mmoja wetu alifungasha tranka lake kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Amemaliza kidato cha sita, na jina lake limo katika orodha ya vijana wanaohudhuria mafunzo kwa mujibu wa sheria. Mama yake alipanga bukta za bluu iliyokolea, raba za kijani na shuka. Msala akauweka juu kabisa. Sisi watatu tulikuwa tumekaa barazani tukitazama, na tukajikuta tunamtaja mwenzetu wa nne.

Tulikua pamoja Tanga, tukasoma chuo kimoja cha Qur'ani, na mwaka 1986 tukaitwa jeshini pamoja. Wakati huo muda ulikuwa mwaka mzima, si miezi mitatu kama ilivyokuwa utaratibu huo, uliositishwa mwaka 1994, uliporejeshwa mwaka 2013. Sisi tulipelekwa kambi moja; yeye peke yake akapangiwa nyingine, mbali, upande wa magharibi.

Kambi yetu hatutaisema vibaya. Mchakamchaka wa alfajiri, kwata, jembe, foleni ya maharage: yote yalituchosha, lakini tulichoka pamoja. Ramadhani ya mwaka 1407 Hijria ilitukuta huko, na kuruta mmoja Mkristo kutoka Bukoba alikuwa akitubebea ndoo zetu za maji jioni bila kuombwa, kisha hututunzia uji wa kufuturu. Siku ya kuagana tulilia kama watoto. Tuliahidiana barua, zikaandikwa mbili tatu, na leo hatujui yuko wapi.

Mwenzetu alirudi kimya. Barazani hakuja. Akialikwa chakula, hula matonge matatu akanawa. Usiku, dada yake alitueleza, alikuwa akiamka na kukaa mlangoni mpaka adhana. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulikuwa vijana tuliojiona askari kamili. Tukasema jeshi limemshinda, tukamtania kwamba ataishia Lutindi. Wazee wakasema ni jini. Akasomewa, akanyweshwa kombe, na kisomo hatukikatai. Lakini katika wote waliomsomea na sisi tuliomcheka, hakuna aliyemwuliza kilichompata. Wapo waliomwona dhaifu wa imani, kana kwamba hawajapata kuisoma Surat Yusuf, ambamo Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alihuzunika hata macho yake yakawa meupe.

Safari hii tulimwendea. Ana kibanda cha kutengeneza baiskeli, ana wajukuu, na hucheka, ijapokuwa kwa uchache. Tulipomwuliza aliendelea kukaza spoku kwa kitambo, halafu akasema kwamba kambini alikuwa na rafiki, kijana wa Tunduru, aliyelala kitanda cha chini yake. Waligawana sabuni, blanketi na siri. Mwezi wa nane wa mafunzo kijana yule alishikwa na homa, akapelekwa hospitali, akafia huko. Mwili ukasafirishwa kwao, na kesho yake gwaride likaendelea.

"Niliporudi Tanga," alisema, "hapakuwa na mtu aliyemjua. Ningempa nani habari? Nani angenipa pole?"

Hilo hatukuwa tumelifikiri hata siku moja. Mtu akifiwa na nduguye hutandikiwa jamvi, majirani wakaja, vikombe vya kahawa vikazunguka. Aliyefiwa na rafiki wa kambini, ambaye hata mama yake mzazi hajapata kulisikia jina lake, hana jamvi. Msiba ule aliubeba peke yake kwa zaidi ya miaka 35, na mmoja wetu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Tulimpa pole. Tuliona haya kuitamka, kwa vile ilivyochelewa, lakini tuliitamka, kisha tukamwombea dua marehemu kwa jina lake, ambalo sasa tunalijua. Alitwambia tukae, akaagiza chai.

Kijana ameondoka Jumanne. Mama yake anahesabu wiki. Baba yake na sisi tumekubaliana kwamba akirudi, kabla ya kumwuliza habari za kulenga shabaha, tutamwuliza majina ya waliolala karibu naye.