Kuhesabu Watu, Kuhesabu Miili: Viainishi vya Idadi katika Kijapani

Mwanafunzi mzawa wa Kiswahili anapoambiwa kwamba nomino za Kijapani, kwa kawaida, hazibadiliki katika umoja na wingi, hushusha pumzi. Hakuna kitabu na vitabu. Neno hon hutosha kwa kimoja na kwa mia. Furaha hiyo haidumu. Siku anapotaka kununua vitabu vitatu, hugundua kwamba tarakimu san, yaani tatu, haiwezi kusimama peke yake. Sharti aseme san-satsu, na hiyo satsu si neno la kutajia kitabu bali ni alama ya kuonyesha kwamba kinachohesabiwa ni karatasi zilizojalidiwa pamoja.

Alama ya namna hiyo ndiyo iitwayo kiainishi cha idadi. Hushikamana na tarakimu, wala si na nomino. Nin hutumika kwa watu, hiki kwa wanyama wadogo, tō kwa wanyama wakubwa kama ng'ombe na tembo, wa kwa ndege, mai kwa vitu bapa kama karatasi, sahani na mashati, dai kwa mashine na magari. Hon, ambayo haina budi kutofautishwa na nomino hon iliyotajwa juu, ni ya vitu virefu vyembamba: kalamu, chupa, miti, hata mito. Maumbo nayo hubadilika kwa kuathiriana sauti: ippon, nihon, sanbon, yaani kimoja, viwili, vitatu. Aliyezoea kuona ulimi ukizaa ndimi hatashangaa kuona nazali ikiigeuza konsonanti inayoifuata.

Wapo wanaoviita viainishi hivi ngeli za Kijapani. Ulinganisho huo si wa kubezwa. Katika lugha zote mbili, uhai una nguvu ya pekee. Kifaru ana kiambishi ki-, lakini Mswahili husema kifaru mmoja ameuawa, si kimoja kimeuawa. Mjapani naye hawezi kumhesabu mnyama huyo kwa kiainishi cha mashine. Tena, katika lugha zote mbili idadi hubeba kivuli cha nomino iliyoachwa. Futari ga kita ni wawili wamekuja, na msikilizaji hujua mara moja kwamba waliokuja ni watu. Pamela Downing, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya mfumo huu, alitilia mkazo kazi hiyo ya viainishi katika mtiririko wa mazungumzo.

Hata hivyo, ulinganisho huo una mpaka. Ngeli ni mali ya nomino. Kitabu kimo katika ki-/vi- kinaponunuliwa, kinaposomwa na kinapochomwa moto. Kiainishi cha Kijapani huchaguliwa wakati wa kuhesabu, na hakionekani kwenye kitenzi wala kwenye kivumishi. Samaki anayeogelea huhesabiwa kwa hiki. Akifika sokoni, aliye mrefu mwembamba aweza kuhesabiwa kwa hon, na aliye bapa kwa mai. Nomino ni moja. Kilichobadilika ni jinsi mhesabuji anavyokitazama kitu.

Yumkini ndugu wa karibu zaidi wa viainishi hivi katika Kiswahili si ngeli, bali ni maneno kama chane ya ndizi, mche wa sabuni, doti ya khanga na korija ya boriti. Maneno haya nayo hueleza kitu kinakatwaje, kinafungwaje au kinauzwaje. Tofauti ni kwamba Mswahili ana hiari: ndizi tatu ni usemi kamili. Mjapani hana hiari hiyo. Hata asipojua kiainishi mahsusi, hukimbilia cha jumla: hitotsu, futatsu, mittsu, hadi kokonotsu, ambayo ni tisa. Hiyo tsu ya mwisho haiendi mbali zaidi ya hapo.

Isidhaniwe, basi, kwamba viainishi ni masanduku yaliyofungwa. George Lakoff, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1987, aliuchunguza mfano wa hon. Katika besiboli, pigo linalompa mpigaji mzunguko kamili huhesabiwa kwa hon, kadhalika simu zinazopigwa na filamu. Gongo ni refu, njia ya mpira ni ndefu, waya wa simu ni mrefu, utepe wa filamu ni mrefu. Maana huanzia kwenye kiini kinachoonekana kwa macho, kisha hutambaa hatua kwa hatua hadi pasipoonekana urefu wowote.

Uzito wa jambo hili hudhihirika zaidi panapohesabiwa binadamu. Miungu katika Kojiki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 712, huhesabiwa kwa hashira, yaani nguzo. Watu walio hai huhesabiwa kwa nin, au kwa mei katika lugha rasmi. Miili ya wafu huhesabiwa kwa tai, kiainishi kilekile cha sanamu, wanasesere na roboti zenye umbo la mtu. Katika maafa kama yale ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, msemaji wa Kijapani hawezi kutaja idadi bila kuamua. Akihesabu waliofariki, atasema nin. Akihesabu miili iliyopatikana ufukweni, atasema tai. Msiba ni mmoja, lakini hesabu ni mbili, na hakuna ya tatu ya kujifichia.

Kumbe si mauti yanayomtoa mtu katika nin. Marehemu bado ni mtu; mwili wake ndio uliohesabiwa vingine. Msomaji wa Kiswahili asiione hali hii kuwa ya kigeni. Naye husikia maiti amezikwa na maiti imezikwa, pengine katika matanga yaleyale, lakini hasikii marehemu imezikwa. Upatanisho huo umekuwa ukifundishwa kama suala la usahihi tu, huku mwanafunzi akitakiwa achague jibu moja na kulikata la pili. Kijapani chaonyesha kwamba swali lililotangulia ni jingine: anayesema anamhesabu nani, au anahesabu nini?