Doto Hajafika

Mimi ni Kulwa, na Doto wangu sikupata kumwona. Nalizaliwa Mbagala mwaka 1968, nyumbani, siku ambazo mahali pale palikuwa bado pana minazi na mikorosho kuliko nyumba. Marehemu mama alinihadithia kuwa nilipotoka mimi walipiga vigelegele, wakaniogesha, wakapeleka habari kwa baba. Mwenzangu akabaki tumboni hata adhuhuri ikapita. Alipozaliwa hakulia. Mama hakumlaumu mtu, alikuwa akisema tu, "Tulifurahi mapema."

Basi mwaka 2019 binti yangu, aliyeolewa Tandika, alipoambiwa kuwa ana mapacha, maneno hayo yalinirudia. Nalifuatana naye kwa daktari nikataka apasuliwe. Au niseme kweli, naliamrisha, kama ilivyo desturi yetu sisi wazee. Daktari, kijana wa umri wa wanangu, akaniamkia shikamoo mara ya pili, nami nikajua ananipoza.

Akanieleza kuwa mwaka 2013 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika nchi 25, kwa wanawake 2,804 wenye mimba za mapacha, mtoto wa kwanza akiwa ametanguliza kichwa. Baadhi yao walipangiwa kupasuliwa, wengine kuzaa kwa njia ya kawaida. Watoto waliofariki au kudhurika vibaya walikuwa kiasi cha 2 katika kila 100, upande huu na upande ule. Ila hatari ya mtoto wa pili ilikuwa karibu mara mbili ya hatari ya wa kwanza, wala kupanga upasuaji hakukuipunguza. "Lakini mzee," akasema, "wale walizalishwa na mikono iliyozoea, na chumba cha upasuaji ki tayari." Kwa hiyo alimkataza binti yangu kuzalia zahanati ya mtaani, ijapokuwa ni hatua chache kutoka kwake.

Nalimwuliza kwa nini wa pili. Akasema kuwa akishatoka wa kwanza, nafasi hupatikana tumboni, na aliyebaki aweza kugeuka akakingama. Kitovu chaweza kumtangulia kikabanwa. Kondo la nyuma laweza kubanduka naye hajatoka, akakosa hewa. Na haya yote huwa wakati watu wa nyumbani wanapeana mkono wa heri.

Siku ilipofika naliketi barazani mwa hospitali, ambayo sitaitaja, na mke wangu akaruhusiwa kuwa ndani na binti yetu. Saa nane za usiku alitokea mlangoni. "Kulwa huyo, mzima." Nalisimama upesi nikitaka niingie nimwadhinie. Akanishika mkono wa kanzu. "Ngoja, mume wangu. Doto hajafika."

Yaliyofuata alinisimulia baadaye. Mkunga alikuwa mmoja kwa kina mama wengi, naye akaitwa kitanda cha pili. Mke wangu, ambaye si mwepesi wa kusema mbele ya wageni, alimwambia, "Mwanangu, nakuomba usimwache huyu." Mkunga akatuma mwingine huko, akarudi, akaweka pembe yake tumboni akasikiliza. Mapigo yalikuwa yanapungua, na mtoto amekingama. Akamwita daktari, naye akamtoa Doto kwa miguu. Alikuwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Mkunga akamkausha, akamsugua mgongo, kisha akamfunika pua na mdomo kwa mfuko wa kupumulishia, akambonyezea hewa mpaka akatoa sauti ndogo.

Mfuko ule si kitu kigeni nchini kwetu. Mwaka huo huo wa 2013 zilichapishwa hesabu za hospitali nane za Tanzania: wakunga walipofundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua katika dakika yake ya kwanza, vifo vya wachanga katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Hayo naliyajua baadaye. Usiku ule nalijua tu kwamba mlango umefungwa, na mimi nimeketi mahali alipoketi baba yangu.

Doto alikuwa na kilo 1.9. Alikaa siku kadhaa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, chini ya kanga. Kulwa naliwahi kumwadhinia alfajiri ile. Doto nalimwadhinia siku ya tatu, nimeinama juu ya kifua cha binti yangu, na sauti ikanikatika katikati, ikabidi nianze upya.