Nyumba Inauzwa, na Nyota I Dirishani

Minneapolis, Desemba

Ndugu zangu wapenzi wa Kisauni,

Sisi huku tu wazima, ila nyumba yetu, ile ambayo picha yake niliwapelekeeni miaka tisa iliyopita tulipoinunua, imesimikiwa kibao mbele yake kutangaza kwamba inauzwa. Mke wangu amepata kazi katika hospitali moja ya Atlanta, nayo yaanza mwezi wa Februari; kwa hiyo hatukuweza kungoja majira ya machipuko, ambayo ndiyo msimu wa biashara ya nyumba katika nchi hii, bali ilitulazimu kuiuza katika mwezi ambao jua huchwa saa kumi na nusu alasiri, na theluji huziba njia ya mlangoni kila baada ya siku mbili tatu. Madalali husema kwamba wanunuzi wa wakati huu ni wachache lakini wana haja ya kweli, kwani hapana mtu atakayetoka katika joto la maskani yake akazungukie nyumba za wenzake kwa tafrija tu katika baridi kama hii.

Kwetu huko, apitaye njia huona ukuta umeandikwa kwa herufi kubwa za rangi kwamba nyumba hii haiuzwi, ili matapeli wasije wakaiuza kwa mgeni huku mwenyewe yu safarini. Na yule auzaye kweli humwita dalali kwa faragha, na mnunuzi akija huikuta nyumba kama ilivyo, mtungi mahali pake, nguo kambani, bibi amekaa mkekani akichambua mchele, wala hakuna adhaniye kuwa bibi huyo aipunguzia nyumba thamani. Huku kila mtu hujua kwamba unauza, lakini wewe mwenyewe hutakiwi kuonekana. Ufunguo wako hutiwa katika kisanduku cha chuma kinachoning'inia kitasani na kufunguliwa kwa tarakimu za siri, na wageni wakija na dalali wao, wewe na watoto wako hutoka.

Dalali wetu, mwanamke mpole na mwenye bidii, alitupa nasaha nyingi kuhusu mapambo ya Krismasi. Picha za kutangazia nyumba zipigwe kabla mti haujasimamishwa, kwa sababu nyumba ikikawia hadi Machi na picha yake ingali na mti wa sikukuu, kila mtu atajua imekaa bila kupata mnunuzi, naye atashusha bei. Mti uwe mwembamba, usizibe dirisha wala meko. Taa ziwe nyeupe, ziwashwe kabla ya wageni kufika. Njia ipigwe beleshi na kunyunyiziwa chumvi. Pilau isipikwe mpaka nyumba iuzwe, maana harufu ya bizari hukaa katika mapazia kwa siku nyingi. Yote hayo tuliyakubali. Kisha akatazama ukuta wa sebuleni, akasema kwa sauti ya upole kwamba picha za jamaa ziondolewe zote, ili kila aingiaye aweze kujiona yeye mwenyewe akiishi humo.

Hapo, ndugu zangu, mke wangu alinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwake nataka muijue. Ardhi ya nyumba hii, katika hati zake za zamani, iliwekewa sharti kwamba isiuzwe wala kukodishwa kwa mtu mweusi. Masharti ya namna hii yalianza kuandikwa katika mji huu mwaka 1910, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambao tangu 2016 wamekuwa wakizipekua hati hizo na kuzitia katika ramani, wamekuta maelfu yake katika wilaya yetu. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hakuna mahakama iwezayo kuyatekeleza. Mwaka 1953 jimbo la Minnesota likapiga marufuku kuandikwa mapya. Na mwaka 1968, wiki moja baada ya kuuawa Martin Luther King, ikatiwa sahihi sheria ya nchi nzima ya kuharamisha kumnyima mtu nyumba kwa ajili ya rangi yake au dini yake. Lakini maneno yenyewe yalibaki katika makaratasi, na mwaka 2019 tu ndipo sheria ya jimbo ilipomruhusu mwenye nyumba kuandikisha hati ya kuyakana. Sisi tuliiandikisha. Siku ile mke wangu alirudi nyumbani akapigilia msumari ukutani, akaitundika ile picha ya wazee wetu waliosimama mbele ya kanisa la huko kwetu Freretown, wajukuu wa watu walioshushwa pale kutoka majahazi ya watumwa, pale palipoanzishwa mwaka 1875 ili waliokombolewa wapate mahali pa kukaa.

Basi dalali alipotuambia tuzishushe nyuso zile, simlaumu, kwani mtu yeyote auzaye huambiwa hivyo, mweupe kwa mweusi. Walakini neno moja halina uzito mmoja katika kila sikio. Nanyi huenda mlisikia habari za mume na mke weusi wa California, waliodai mahakamani kwamba nyumba yao ilithaminiwa kwa bei ya chini, kisha walipoondoa picha zao na rafiki yao mweupe akajifanya ndiye mwenyewe, thamani ikapanda kwa takriban dola nusu milioni. Habari hiyo sote tuliijua, na hapana aliyeitaja. Mke wangu alizitoa picha mojamoja, akazifunga katika kanga, mbili mbili, akazishusha chumba cha chini. Na ukutani zikabaki alama za miraba iliyopauka, nikazipaka rangi usiku ule.

Iliyobaki ilikuwa nyota ya Krismasi. Mnakumbuka tulivyokuwa tukiziunda: chelewa za mnazi zikafungwa kwa uzi zikawa pembe tano, juu yake karatasi ya kishada iliyobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, na mikia miwili ya karatasi hiyo hiyo iliyokatwa vishada vishada, na tawi la mvinje katika debe la mchanga, tukilibandika pamba iwe theluji, nasi hatujapata kuiona theluji kwa macho. Nyota hii shangazi aliileta katika sanduku lake miaka sita iliyopita, na chelewa yake moja iliyovunjika safarini imeungwa kwa uzi mweusi. Binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, aliikumbatia akasema, "Baba, nyota si picha ya mtu." Mama yake akamwambia dalali kwamba hiyo haitatoka. Dalali aliitazama kitambo, akauliza imeundwa kwa nini, akagusa chelewa kwa ncha ya kidole. Kisha akaibeba mwenyewe na kuitundika katika dirisha la barabarani, mbele ya taa.

Jumamosi iliyopita walikuja watu wa kuitazama nyumba, kundi baada ya kundi, tangu saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Asubuhi tulikuwa tumepika pilau nyumbani kwa jamaa mmoja wa Malindi akaaye hapa jirani, Brooklyn Park, tukaifunga sufuria katika blanketi na kuitia katika buti ya gari. Nasi tukaegesha ng'ambo ya barabara, injini inanguruma kwa ajili ya joto, tukala kwa vijiko katika mfuniko. Katika miaka tisa sikupata kuitazama nyumba yangu usiku kwa muda mrefu namna ile. Theluji juu ya paa ilikuwa buluu, madirisha ya rangi ya asali, na vivuli vya watu nisiowajua vilipita kutoka chumba hadi chumba. Kundi la mwisho lilikuwa na mtoto mdogo. Alikuja akasimama chini ya nyota, akainua mkono, akaushika mkia wake; binti yangu akaacha kula. Mama wa mtoto akaja, akamnyanyua ili aione karibu, wakakaa hapo wote wawili, hata nikadhani wamesahau kilichowaleta.

Tuliporudi ndani tuliukuta mkia mmoja umechanika, na kipande cha karatasi nyekundu sakafuni. Binti yangu hakulalamika. Alikoroga unga wa ngano katika kikombe, akakata kipande cha karatasi ya kufungia zawadi, akakibandika. Lakini karatasi hiyo ni nzito na haipitishi mwanga, na mahali pale panaonekana kiraka cheusi taa ikiwaka.

Kwa hiyo nawaomba, mkimpata mtu ajaye huku, mpeni karatasi ya kishada nyekundu, shiti kumi zatosha, azitie ndani ya kitabu zisikunjamane. Anwani ya Atlanta nitawaandikieni tukiijua.

Wasalaam,
Ndugu yenu