Nyayo za Miguu Yetu

Mkubwa wangu alikufa kwa sababu ya doa jeusi lililoanza chini ya kisigino chake. Lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Mwenyewe alisema ni mwiba uliovunjikia ndani. Akalichokoa kwa wembe, akaweka majani. Kwenye dispanseri walimpa bendeji na dawa ya kidonda, maana kwa macho kilikuwa kidonda tu. Mwaka ukapita. Ndipo tezi za kinenani zikavimba, tukampeleka Lubumbashi. Daktari alikata kipande kidogo cha nyama, akakituma kupimwa, halafu akatuita pembeni: ni kansere ya ngozi iitwayo melanoma, nayo imekwisha kutembea mwilini.

Mimi nilidhani kansere hiyo ni ya Wazungu, na ya ndugu zetu wenye ualbino ambao jua huwaunguza. Ni kweli, hao jua huwadhuru sana. Lakini kwetu sisi weusi melanoma hupenda kujificha mahali jua lisipofika: nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Bob Marley, ambaye vijana wetu wanaimba nyimbo zake hata leo, iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole chake cha mguu. Akafa mwaka 1981, mtu wa miaka 36. Na ugonjwa huu, ukikatwa ukiwa bado mdogo, mara nyingi mtu hupona. Hilo ndilo linaloniuma.

Basi, mwaka jana mke wangu aliona doa kwenye wayo wangu wa kushoto. Usiku ule sikulala. Mtoto wa dada yangu, anayesoma uganga, alikuwa amekuja kwetu likizoni. Akatoa simu yake, akapiga picha. Simu ikakaa kimya kidogo, kama mwalimu anayesahihisha daftari, kisha ikaandika: hakuna hatari. Mke wangu akapiga vigelegele. Kijana hakucheka.

« Mjomba, akasema, usiishike sana. Hii mashine ilifundishwa kwa ngozi ya nani? »

Akanieleza. Mashine huonyeshwa picha maelfu kwa maelfu, kila moja na jina la ugonjwa wake, mpaka inazoea kutambua. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, walitangaza kwamba waliifundisha moja kwa picha karibu 130,000, wakaishindanisha na madaktari 21 wa ngozi, wala haikushindwa. Nilifurahi kusikia hayo. Natamani mashine ya namna hiyo iwe katika kila dispanseri ya porini, kwani kwetu daktari wa ngozi hutafutwa kwa siku nyingi za barabara mbaya. Lakini mwaka 2022 watu wa chuo kile kile walipima mashine kadhaa kwa picha 656, zikiwamo nyingi za watu weusi. Mashine zikapungukiwa, na kwenye ngozi nyeusi zikakosa zaidi. Zilikuwa zimelelewa na picha za ngozi nyeupe. Walipozifundisha tena kwa picha zile mpya, tofauti ile ikaondoka.

Nikamkumbuka mkubwa wangu. Kama angeionyesha simu kisigino chake, ingemwambia nini? Labda ingemwambia alale salama.

Nikapanda gari kwenda Lubumbashi. Doa likakatwa, likapimwa. Kwa majuma matatu ya kungoja nilikonda, mke wangu ni shahidi. Jibu likaja: alama tupu ya ngozi, si kansere. Kumbe mashine ilisema kweli! Nakubali. Lakini nimekuwa mwalimu miaka mingi, na mwanafunzi aliyebahatisha jibu namjua.

Jambo moja nimelisahau. Kabla ya kukata, daktari aliniomba ruhusa apige picha ya wayo wangu, na rula ndogo kando ya doa, bila kuandika jina langu. Alisema anakusanya picha za miguu ya watu wetu, kwa kuwa vitabu alivyosomea havikuwa nazo nyingi. Nikainua mguu. Vumbi la safari lilikuwa bado limeshika, nikaona haya. Akalifuta mwenyewe kwa pamba, polepole, ndipo akapiga.