Tasnifu Iliyoandikwa Jikoni

Katika nyumba yetu aliyesoma chuo kikuu ni mama, lakini tasnifu tuliifanya sote wawili: mmoja kwa kalamu, mwingine kwa mwiko.

Tulikuwa Marekani. Mama alimaliza miaka 2 katika chuo cha jamii, kisha akahamia chuo kikuu kuanza mwaka wa 3. Vyuo vikuu vingi vya huko vina chuo cha heshima ndani yake, yaani kitengo cha wanafunzi wanaokubali kufanya zaidi ya masomo ya kawaida. Mpango mmoja wa mwanzo uliojulikana sana ni ule wa chuo cha Swarthmore, ulioanzishwa mwaka 1922 na mkuu wake, Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford. Mama alipokubaliwa katika kitengo hicho tulifurahi mno.

Furaha ilipungua tulipokaa na mshauri wa masomo. Wenzake walipewa miaka 4 ya kutimiza masharti. Yeye alikuwa na 2 tu. Masomo ya heshima alipunguziwa, lakini tasnifu ilibaki ile ile. Tena somo moja alilotoka nalo chuo cha kwanza halikuhesabiwa, maana hatukuuliza mapema. Usiku ule mama alisema, "Baba watoto, afadhali niache. Shahada nitaipata hata bila heshima." Ilikuwa kweli, na watoto walikuwa bado wadogo.

Hatukuamua usiku ule. Kesho yake tulichukua kalenda, tukahesabu mihula 4. Profesa mmoja alikubali kumwongezea mama kazi katika somo la kawaida ili lihesabiwe kuwa la heshima, nao wakatia sahihi mapatano hayo. Msimamizi wa tasnifu mama alimtafuta mwaka ule ule, hakungoja wa mwisho. Baba naye akashika jiko Jumanne na Alhamisi. Ugali wake wa kwanza ulikuwa uji, watoto waliunywa.

Siku ya kuitetea tasnifu tuliketi nyuma. Maswali mengine tuliyajua, kwa kuwa mama alikwisha kuyajibu akiosha vyombo.

Dada unayehamia chuo katikati ya safari, uliza juma la kwanza: masomo yapi yanahesabiwa, na tasnifu inaanza lini? Omba majibu kwa maandishi. Kisha rudi nyumbani, uulize na hili: nani atapika?